Mwalimu wa Kisomo na Shahada ya Pili

Alikuwa na desturi ya kufumba macho mtu anapomsomea. Ungedhani amelala. Umesimama mbele yake na kitabu cha kisomo mkononi, jasho linakutoka, unasoma habari za mkulima na jembe lake, naye ameegemea ukuta anatafuna karanga moja moja kutoka mfukoni. Kisha unafika kwenye neno gumu, unajifanya hulioni, unarukia la mbele. Hapo ndipo alipokuwa akigonga meza kwa kifundo cha kidole. Hasemi kitu wala hafumbui macho. Unarudi nyuma mwenyewe kulitafuta neno ulilolikimbia.

"Usiruke neno." Kauli hiyo ilimganda mpaka watoto wa Mwananyamala wakawa wanamwimbia akipita na baiskeli yake. Hakuwafukuza. Mara moja tu alisimama, akashuka, akamtaka kiongozi wao aimbe tena wimbo wote tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa ameruka ubeti.

Tulimwita Mwalimu wa Kisomo, maana neno Mwalimu likiwa peke yake siku zile lilikuwa na mwenyewe. Alikozaliwa sikujui na sikuuliza. Alikuwa mtu wa kusini, hilo lilisikika katika matamshi yake akikasirika, na alikuwa amepanga vyumba viwili uani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Asubuhi alifundisha historia katika shule moja ya sekondari mjini. Saa kumi jioni alikuwa kwetu, kwenye ofisi ya tawi la Chama, akiwafundisha kusoma na kuandika watu wazima wapatao arobaini ambao wengine walimzidi umri. Mie nilikuwa mmojawapo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, watoto wawili, na kazi ya kufunga vifurushi katika kiwanda cha nguo huko Mikocheni, na kila penye jina langu niliweka dole gumba.

Wanaomkumbuka siku hizi humfanya malaika, nami huwa nanyamaza tu. Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Kulikuwa na mchonga vinyago darasani kwetu, mzee mpole aliyekuja na vumbi la mpingo kwenye nyusi, ambaye alipenda kubahatisha. Akiona herufi ya kwanza, linalofuata analitunga mwenyewe. Siku moja alitunga sentensi nzima, tena nzuri kuliko ya kitabuni, na Mwalimu akamtupia kifutio kikampata begani. Kesho yake alfajiri Mwalimu alikuwa mlangoni kwa yule mzee na chane ya ndizi. Mke wa mzee alinisimulia kwamba alikataa kuingia ndani na alikataa kiti, akaomba radhi akiwa amesimama, kisha akasema, "Lakini ulibahatisha."

Na alikuwa mbahili, wa vitabu na wa chaki. Kipande cha chaki alikitumia mpaka kucha zinakwaruza ubao. Darasani alitupigia kelele kwamba elimu si mali ya mtu mmoja, ni ya taifa, ukiipata igawe. Kwake uvunguni kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, limejaa vitabu, na hakuna binadamu aliyeazimwa hata kimoja. Mzee Balozi, ambaye hakujua kusoma na hakuona haya kusema hivyo, aliwahi kumwomba kimoja kinene akawekee mguu wa kitanda uliopungua. Walinuniana siku tatu.

Mikutano ya Chama hakukosa hata mmoja, na yote alisinzia. Aliiamini siasa ya nchi kuliko wengi waliokuwa wakipiga makofi, nadhani ndiyo maana hotuba zilimchosha. Alisema kijiji cha ujamaa cha mjini ni darasa la kisomo tu, hakuna kingine. Basi alipokuja mtu wa wilaya kuhesabu watu wazima waliojua kusoma, Mwalimu alimkatalia kuandika majina ya wawili ambao hawakuwa tayari. Tawi letu likakosa kusifiwa, na katibu hakumwamkia mwezi mzima.

Sanduku lile mie niliona ndani yake. Nilikuwa nimemaliza kitabu cha kwanza na cha pili, na siku ya Idi nilimpelekea sahani ya biriani. Nikamkuta mezani, sanduku wazi, karatasi zimetandazwa. Nikaamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akanisogezea daftari.

"Mama Zuhura, soma hapa."

"Mie, Mwalimu?"

"Nani mwingine yuko humu? Soma."

Yalikuwa masharti ya chuo kikuu kwa mtu mwenye shahada moja anayetaka kusomea ya pili. Yenyewe yaliandikwa kwa Kiingereza, naye alikuwa ameyatafsiri kwa mkono wake ili tawi liyaelewe. Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Mwombaji awe amefaulu vizuri shahada ya kwanza. Anayoiomba iwe ya fani nyingine, si ile ile. Katika masomo aliyokwisha kuyapasi, yatakayohesabiwa ni mawili tu, mengine aanze upya na kukaa chuoni miaka yote mitatu. Alete ruhusa ya mwajiri. Halafu la mwisho, lililokuwa refu, nikakwama mara mbili: kwa kuwa mwombaji amekwisha kusomeshwa mara moja kwa jasho la wananchi, alete barua ya wakazi wa anapoishi, ieleze shahada ile ya kwanza ameitumia vipi.

Hakugonga meza hata mara moja. Nilijiona mtu mkubwa.

"Sasa Mwalimu," nikasema, kwa ujinga wangu, "si unayo tayari? Ya pili ya nini tena? Wenzio hata ya kwanza hatuijui rangi yake."

Nilidhani atafoka. Alitafuta karanga mfukoni, akakosa.

"Ile ya kwanza sikuiomba," akasema. "Fomu ya kusomeshwa ilikuwa na kisanduku kimoja, ualimu. Nchi ilitaka walimu, nikaweka alama. Sijutii. Ila nilichotaka mimi ni sheria."

Akaniambia kisa ambacho nadhani hakumwambia mtu mwingine pale mtaani. Kabla ya uhuru, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa mkalimani kwenye mahakama moja huko kwao. Aliletwa mzee aliyeshitakiwa kwa kuchukua ng'ombe wa mtu. Mzee akajieleza kwa lugha yao, na katikati akasema sentensi moja ambayo kijana hakujua aigeuzeje kwa Kiingereza. Hakimu Mzungu alikuwa anatazama saa. Kijana akaona haya kuomba muda. Akairuka. Mzee alifungwa miezi minane, na alipokuwa anatolewa nje alimgeukia mkalimani akamshukuru.

"Alinishukuru, Mama Zuhura. Alidhani nimesema yote."

Miaka sita alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kusoma na mkuu wake akamnyima, walimu hawatoshi. Mwaka wa saba akapewa. Barua ya ruhusa ilikuwa pale mezani, nayo ilisema aombe nafasi mwaka huo tu, na ikishindikana asiombe tena. Aliirudia ile barua kwa ncha ya kidole kama mtu anayepapasa kitambaa kizuri dukani. Kilichobaki kilikuwa barua yetu.

Sasa lazima nieleze jinsi tulivyofundishwa kuandika barua, maana bila hilo mtu atatuona wehu. Mwalimu alitufundisha barua ya kiserikali kwa viungo vitano, na alituimbisha: anwani, salamu, maelezo, ombi, shukrani. Barua iliyokosa kimoja aliirudisha. Tuliandika barua nyingi za mazoezi kwa wakubwa, tukiomba bomba la maji, tukiomba zahanati, tukiomba taa ya barabarani, na kila moja ilikuwa na ombi lake. Katika vichwa vyetu, barua kwa serikali isiyoomba kitu ilikuwa sawa na kwenda ugenini na kurudi bila kusema kilichokupeleka.

Mkutano ulifanyika kwa Mzee Balozi, mkekani, Jumapili baada ya adhuhuri. Mwalimu hakuruhusiwa kuwapo, kwa vile tulikuwa tunamjadili yeye. Mwandishi nilikuwa mie. Mzee Balozi alijivunia kwamba barua itaandikwa na mtu wa darasa lenyewe, ili huko chuoni wajionee kazi ya mikono yake.

Anwani ikaenda. Salamu ikaenda. Maelezo yalitoka kwa furaha hasa, kila mtu na lake. Mchonga vinyago alisema andika kwamba sasa naweza kusoma jina la dawa. Mke wa Balozi akasema andika kwamba hajawahi kutukana mtu isipokuwa kwa kosa la kubahatisha. Niliyaandika yote. Watu arobaini walikuwa wanajua kusoma, na shahada ya kwanza ilikuwa imetumika kwa kazi hiyo. Kama tungeishia hapo, barua ile ingempeleka Mwalimu chuoni imembeba mgongoni.

"Haya, ombi," akasema Mzee Balozi.

Mmoja akataja bomba. Mwingine akasema bomba tumeliomba mara nne, wataona hatuna jipya.

"Barua hii si inamhusu Mwalimu?" Balozi akauliza. "Basi ombi nalo limhusu."

Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilisema, "Tuombe asiondolewe kwetu mpaka darasa limalize."

Wakafurahi. Waliona ni heshima ya mwisho kumpa mtu. Kwao mtu wa maana ni yule ambaye watu wanakataa asiondoke, na wakubwa wakisoma jinsi anavyong'ang'aniwa watamwona lulu na kumpa cheti chake. Hakuna aliyewaza kwamba kwenda kusoma ni kuondoka. Chuo kiko hapa hapa Dar, si atarudi jioni? Walikosea kwa upendo, na mpaka leo siwezi kuwalaumu.

Mie sikukosea. Mie nilikuwa nimesoma masharti. Nilijua maana ya kukaa chuoni miaka yote mitatu, nilijua barua ya mwajiri ni ya kuomba mwaka huo tu, na nilijua kinachopimwa na barua yetu. Lakini mtihani wa hatua ya nne, ile ya mwisho ya kisomo, ulikuwa umebaki miezi mitano, na kiwandani walikuwa wameniambia nikiwa na cheti hicho nitatolewa kwenye vifurushi niwe karani wa stoo. Kabla ya Mwalimu tulikuwa na mwingine, mvulana wa mjini aliyetuita mbumbumbu mbele ya watoto wetu, na darasa likabaki na watu sita. Niliogopa. Nilimtaka yeye. Nikaandika ombi lile kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na chini nikaweka jina langu kamili, herufi kubwa mwanzoni, kama alivyotufundisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Alilileta darasani kwenye mfuko wa shati, nikaona ncha ya bahasha. Siku hiyo alifundisha kama kawaida. Mwishoni Mzee Balozi, aliyekuwa akija kukaa tu nyuma, akamwuliza kwa bashasha, "Vipi Mwalimu, wamekukubalia?"

"Wamesema wananchi bado wananihitaji," akajibu. "Wamenisifu sana."

Watu walipiga makofi. Na yeye akainamisha kichwa kuyapokea. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele na sikuweza kuinua mikono yangu kutoka mapajani.

Hakunisema, hakunitazama kwa jicho baya, na mtihani alinifundishia kwa bidii ile ile. Nilifaulu. Nikawa karani wa stoo. Kilichobadilika kilikuwa kidogo, na labda ni mie tu niliyekiona. Aliacha karanga. Na sanduku lile akaanza kuliacha bila kufuli, na mtu akiomba kitabu, akapewa. Mzee Balozi alipata cha kuwekea mguu wa kitanda, kikubwa, cha sheria. Nilipokiona pale chini nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Alistaafu akaenda kujenga Chamazi, ambako wakati huo kulikuwa mihogo na minazi tu. Miaka ikapita, nami nikajiambia nitakwenda kumwona. Nilijiambia hivyo kila mwezi wa Ramadhani, niliposikia waumini wanaambiwa waombane radhi. Sikwenda. Mpaka alipotuma mtu kiwandani na maneno machache: Mama Zuhura aje anisomee.

Ilikuwa ile miaka ya dukani hakuna kitu. Nilibana nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, nikaondoka asubuhi. Nilimkuta barazani kwake kwenye meza ile ile ya Mwananyamala.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa." Aligeuza uso kunifuata, lakini macho yalipita pembeni yangu. Yalikuwa na utando mweupe. "Naona mwanga na kivuli tu. We ni kivuli kinene siku hizi."

"Ukarani, Mwalimu. Tunakaa sana."

Alicheka. Kisha akasema amesikia redioni kwamba chuo kinapokea tena watu wazima wenye shahada moja, kwa masharti yale ya zamani. Alitaka nimsomee jalada lake lote, karatasi kwa karatasi, ajue ipi bado inafaa. Akaegemea ukuta. Akafumba macho, ingawa hakukuwa na haja tena ya kuyafumba, na mkono akauweka mezani.

Nilisoma cheti cha shahada ya kwanza. Nikasoma masharti kwenye daftari lake. Nikasoma ruhusa ya mwajiri, ya mwaka mmoja ule. Nikafunua karatasi iliyofuata na kuona mwandiko wangu.

Sikuwa najua kwamba waliirudisha. Kumbe alikuwa nayo siku zote, tangu ile bahasha ya mfuko wa shati. Nilisoma anwani. Nilisoma salamu. Nilisoma maelezo, dawa ya mchonga vinyago na yote, na nikaanza kusoma polepole zaidi kwa sababu mistari ilikuwa inaisha. Haoni, nikawaza. Naweza kusema "wenu katika ujenzi wa taifa" nikageuza karatasi. Nilitazama mkono wake pale mezani. Ulikuwa umetulia, kifundo cha kidole kimeinuka kidogo.

"Kwa hiyo tunaomba," nikasoma, "asiondolewe kwetu mpaka darasa limalize." Nikasoma shukrani. Nikasoma majina yangu, yote matatu.

Kidole kikashuka taratibu kikalala juu ya mbao, bila kugonga.

"Hujaruka," akasema.

"Mwalimu, mie nilijua. Wenzangu hawakujua. Mie nilijua."

"Ulikuwa umenisomea masharti, utakosaje kujua?" Alinyoosha mkono akaishika barua. "Nilikasirika sana, Mama Zuhura. Miaka mingi. Nilikuwa nikikuona na cheti chako natamani kukichana. Halafu nikiisoma tena hii, sipati kosa hata moja. Viungo vyote vitano vipo."

Nililia mbele yake, bila kujificha, na yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza alipapasa jalada, akatoa karatasi ya chini kabisa na kunisogezea. Ilikuwa fomu ya chuo, mpya, haijaguswa. Nikaitazama, nikayatazama macho yake, nikajua jibu litakalokuja, na nadhani yeye pia alilijua.

"Utasomaje, Mwalimu?" nikauliza kwa upole.

"Nitasomewa. Sheria husikilizwa kabla ya kusomwa, niliijua kwa masikio mimi." Akasukuma kalamu kuelekea kivuli changu. "Fomu baadaye. Tuanze na barua ya wakazi. Utaandika wewe tena, na balozi wa hapa atatia sahihi. Ila safari hii ombi nitalitaja mwenyewe."

Nikafuta uso kwa upindo wa kanga. Nikavuta karatasi karibu, nikaanza na anwani, juu, upande wa kulia.